Likizo ya Kashinje

Nilipokuwa mtoto, neno kupumzika nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa tabibu wa zahanati, na hakulisema kwa ajili yangu. Alikuwa akizungumza na baba juu ya dada yangu Kashinje. Homa ilikuwa imemlaza muda mrefu, damu imempungua, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Na mwaka huo huo alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, msichana pekee kutoka shule yetu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari. Tabibu alisema akienda vile alivyo, watampima na kumrudisha nyumbani, na nafasi yake atapewa mwingine.

"Ale samaki, ameze hivi vidonge, na apumzike," alisema.

"Apumzike vipi?" baba aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Ilikuwa Desemba, mvua zimeshika, pamba na mahindi vinadai palizi, na kwetu, nje kidogo ya Kahama upande wa Nyahanga, hapakuwa na mtu aliyelala mchana isipokuwa mtoto mchanga.

Ikaamuliwa Kashinje apelekwe kwa shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa na Mzinza kwenye kijiji cha ufukweni mwa ziwa, upande wa Geita. Mimi niliongezwa kwenye safari kama unavyoongeza chumvi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kutwanga badala ya dada, ili shangazi asiseme ameletewa mzigo. Siku hizi watoto wangu wakisikia nilikwenda likizo ziwani, wananionea wivu. Sijawahi kupata nguvu ya kuwaeleza vizuri.

Lazima niseme kidogo juu ya jina la dada. Kwa Wasukuma, Kashinje ni mtoto aliyezaliwa ametanguliza miguu. Jina halichaguliwi, linakuja naye. Na mtoto wa namna hiyo, watu waliamini, miguu yake ina dawa: mgongo unaouma akiukanyaga, maumivu yanatoka. Anafanya hivyo alfajiri, kabla hajanawa uso wala kumsalimu mtu. Mgonjwa analala kifudifudi kwenye mkeka, na Kashinje anapanda juu yake, anatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, bila kusema neno. Nyumbani, bibi yetu mzaa baba ndiye aliyekuwa mlinzi wa miguu hiyo. Hakuruhusu mtu asiye wa ukoo aikaribie, na hata wa ukoo walisubiri zamu.

Usiku wa kuamkia safari bibi alituita jikoni.

"Huko mnakokwenda, huyu ataitwa Veronika," alisema. Lilikuwa jina lake la ubatizo, na lilitumika kanisani tu.

"Kwa nini, bibi?" niliuliza.

"Uchovu haufi, Minza. Ukitolewa kwenye mgongo wa mtu, unatafuta pa kukaa, na wa kwanza unayemwona ni yule aliyeutoa. Mtoto mzima anaweza kuubeba mdogo mdogo. Huyu hana pa kuuweka. Wakimjua, watamrudisha kwangu amebebwa."

Kashinje alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kwamba akibebwa, mimi ndiye nitakayebeba mizigo.

Jina la Veronika lilidumu hadi lori liliposimama. Tulishuka tukiwa na vumbi hadi kwenye kope, na shangazi alikuwa pale barabarani na wanawake waliotoka kupalilia, majembe mabegani. Alimpenda sana dada yangu, na alikuwa mtu wa sauti. Alipaza jina lote kwa vigelegele, akalirudia, akamshika mkono na kumwonyesha kwa wenzake kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya. Wanawake wakaangaliana. Kisha wakaangalia miguu yake.

"Kashinje wa kweli?" mmoja aliuliza. Alikuwa Mama Lukas, jirani wa shangazi, mwanamke mnene mwenye mzaha, ambaye kwa sababu ya mgongo wake alitembea ameinama kama anayetafuta sindano.

"Miguu yote miwili ndiyo iliyotangulia," shangazi akajibu kwa fahari. "Mama yake nusura afe."

Alfajiri iliyofuata Mama Lukas alikuwa mlangoni na mkeka wake kwapani.

Sikumwona shangazi kuwa mtu mbaya, wala simwoni hivyo leo. Alijua mgonjwa kaletwa apumzike, na kwa akili yake kutembea juu ya mgongo wa mtu hakukuwa kazi. Kazi ni jembe. Kazi ni kinu. Kashinje hakupewa jembe wala kinu. Aliketishwa kivulini, akaletewa sato wa kuchemsha wenye mchuzi mweupe wa mafuta, akaambiwa ale. Ila alfajiri ilikuwa mali ya watu.

"Mwepesi huyu," Mama Lukas alilalamika siku ya kwanza, uso umezama mkekani. "Ni kama kuku anapita. Hamkuwa na Kashinje mnene?"

"Tulikuwa naye, homa ikamla," shangazi alisema. "Nyamaza, dawa haitaki maneno."

Mama Lukas aliinuka, akajinyoosha, akatembea hadi kwenye uzio na kurudi. "Wabeja," akamwambia dada yangu, asante kwa Kisukuma, na alikuwa amenyooka kuliko jana. Hilo nililiona kwa macho yangu na sitalikana. Kesho yake walikuja wanawake wengine, na siku zilizofuata wengine zaidi. Msimu wa palizi hakuna mgongo mzima. Alikuja pia mchimbaji mmoja kutoka milimani, mtu mzima mwenye mikono kama ngozi ya kenge. Alisema mgongo wake umekaa shimoni muda mrefu hadi umesahau kunyooka. Walimwita Masanja. Aliwapita wanawake kwenye mstari na wanawake wakamrudisha nyuma.

"Mwanamume mzima unakanyagwa na mtoto wa kike," Mama Lukas alimtania.

"Mama Lukas, mimi nimekanyagwa na mlima," alijibu. "Huyu ananifuta vumbi tu."

Niliporudi na ndoo ya kwanza ya maji nilimkuta dada anashuka kutoka mgongo wa mwisho, ameshika ukuta. Rangi yake ilikuwa imeanza kurudi siku za mwanzo kwa ajili ya wale samaki. Sasa ilikuwa inaondoka tena. Chakula kilimshinda, jioni akawa halali vizuri, anaogopa kupitiwa na alfajiri.

"Waambie umechoka," nilimwambia tukiwa kitandani.

"Nikikataa watasema nimechaguliwa sekondari nikaanza majivuno."

"Waseme."

"Wewe hukuona Mama Lukas alivyofunga kamba ya kiatu mwenyewe? Alilia, Minza. Kwa kamba ya kiatu."

"Na Januari je?"

Aligeukia ukutani. Nilikuwa nimechoka mwenyewe, mabega yananiuma kwa ndoo, na nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mtu anayemwaga maji uliyoyachota wewe. Tulikuja kwa ajili ya jambo moja tu. Kama damu yake haingepanda, hakuna sekondari, na nilikuwa nimeshaelewa kwamba asipopita yeye, baba hatajisumbua na mimi.

Alianguka siku ya Jumapili, kabla ya watu kwenda kanisani. Alikuwa juu ya mgongo wa Mama Lukas, amefika kwenye mabega. Magoti yakakunjika, akashuka pembeni kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Macho yalikuwa wazi lakini hayamwangalii mtu. Miguu ilikuwa imevimba vifundoni, na ya baridi. Mama Lukas alibaki amelala kifudifudi akiuliza, "Amekwisha?" kwa sababu hakuwa ameona kitu.

Shangazi alimwagia maji usoni. Dada akarudi, akasema anataka kulala. Shangazi aligeuka akaniangalia mimi.

"Bibi yenu alisemaje alipowaaga?"

Nilimwambia yote, neno kwa neno: uchovu haufi, ukitoka unatafuta pa kukaa, na kwamba angeitwa Veronika. Shangazi alikaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo zake za kanisani. Wanawake waliokuwa wakisubiri wamekunja mikeka hawakuondoka. Hakuna aliyesema bibi ameamini upuuzi. Kama miguu inatoa uchovu, basi uchovu unaingia miguuni. Ulikuwa ukweli mmoja, walikuwa wameutumia nusu tu.

Mtu mwingine angesema mtoto apelekwe ndani alale, basi. Shangazi hakuona hivyo. Alisema kile ambacho nadhani hakijawahi kufanywa kabla wala baadaye.

"Kila mtu achukue uchovu wake. Mgongo uliokanyagwa utambeba."

Akaingia ndani akatoka na kitenge. Mama Lukas alikuwa wa kwanza. Aliinama, wakampandisha Kashinje mgongoni kwake, wakamfunga kwa mbeleko kama mtoto mchanga, binti wa miaka kumi na minne, miguu yake mirefu ikining'inia hadi kwenye magoti ya mbebaji. Alikuwa mwepesi hata hivyo. Mama Lukas alitembea naye kutoka nyumbani hadi ziwani, na wanawake nyuma yake, hakuna anayecheka. Njiani akapokelewa na mwingine, na mwingine. Kichwa cha dada kilikuwa kimelala begani mwa kila mmoja wao kwa zamu. Alisinzia kabla hatujafika majini.

Walimlaza juu ya jiwe kubwa bapa, chini ya mtini ulioota ukingoni, wakamwosha miguu kwa maji ya ziwa. Masanja alikuja mbio, habari zimemfikia, akasema na yeye abebe.

"Wewe hutambeba mtoto wa watu," shangazi alimwambia. "Utachota maji."

"Maji?"

"Ya huyu mdogo. Ndoo zile pale."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi wanawake walimbeba Kashinje hadi kwenye jiwe, jioni wakambeba kurudi, hata miguu iliposhuka uvimbe na yeye akasema anaweza kutembea. Walikataa. Mama Lukas alisema bado anasikia uchovu wake haujamtoka wote mtoto. Mahindi niliyopaswa kutwanga yalitwangwa na wanawake ambao vinu vyao viliwangoja kwao. Masanja alichota maji na ndoo kichwani bila kata, yakamlowesha hadi kiunoni, na wanawake walimuuliza lini anaolewa. Mimi sikuwa na kazi. Sikujua mikono inawekwa wapi.

Nililala juu ya jiwe kando ya dada yangu. Hiyo ndiyo likizo ninayoikumbuka, na ilikuwa ya siku chache tu za mwisho. Jiwe lilikuwa na joto chini ya mkeka na upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi juu yetu. Mnandi, ndege weusi wa ziwani, walisimama kwenye miamba wamefungua mbawa kukausha, kama watu walioanika makoti. Kenge mmoja alipanda jua likikolea, akatuangalia, akaona hatuna maana. Furu, samaki wadogo, walikuja ukingoni kudonoa makombo ya muhogo. Mvua ilikuwa inaonekana mbali juu ya maji, ikitembea peke yake kuelekea visiwani, na hatukulazimika kuikimbia wala kuanua kitu. Tulizungumza kidogo sana. Siku moja Kashinje aliniuliza ninafikiria nini, nikamwambia sifikirii chochote, na nikashangaa kwamba ilikuwa kweli.

Alirudi nyumbani na mashavu. Tabibu alivuta kope lake la chini, akaangalia wekundu, akaandika kwamba anafaa kusafiri. Alisema ni wale samaki na vile vidonge. Bibi alisema ni mgongo wa Mama Lukas. Baba alisema kitu kimoja, kwamba sanduku litafutwe. Kashinje alikwenda sekondari, na miaka mitatu baadaye nami nikaenda.

Nimesoma biolojia kidogo. Najua mtoto mwenye upungufu wa damu ukimsimamisha kila alfajiri kabla hajala ataanguka, na haihitaji bibi kutabiri. Najua mgongo wa mpalizi unahitaji kukandwa, na miguu ya mtoto inakanda vizuri kama kitu kingine chochote. Sibishani na hayo. Nimezaa watoto sita, wote walitanguliza kichwa, na nimewapeleka wote kliniki.

Lakini nimekaa na jambo hili zaidi kadiri nilivyozidi kuchoka. Wanawake wale walikuwa wanajua, tangu siku lori liliposimama, kwamba dada yangu ni mgonjwa. Walimwona alivyokonda. Walimhurumia, walimletea mayai, na bado walikuja na mikeka. Huruma haikumpumzisha. Kilichompumzisha ni siku walipoamini kwamba uchovu alionao ni wao, umetoka migongoni mwao, una majina yao. Hapo hakuna aliyehitaji kuombwa. Waliinama.

Nyumbani kwangu tunapendana. Nikisema nimechoka, mume wangu huniambia pole, na anamaanisha. Watoto nao husema pole, mama, kila mmoja kwa wakati wake, kisha huniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Huwa ninawatazama nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, sina hasira. Wanadhani uchovu huu ni wangu.