Amina ya Saa Moja

Kazi ya maua kule Timau ilianza saa moja asubuhi, na ilianza kwa maombi. Madam, msimamizi wetu katika banda la kupanga waridi, alisimama mbele ya meza akafumba macho, nasi wanawake kama thelathini tukainamisha vichwa. Tukishasema Amina, mikono inaingia kwenye maua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimezunguka mji wa Meru na vyeti vyangu mpaka viatu vikaisha, kwa hiyo kibarua hicho nilikishika kwa mikono miwili.

Jirani yangu mezani alikuwa mjane wa Githongo. Shule aliiachia darasa la tatu, na barua za nyumbani nilimsomea mimi, ndiyo maana aliniita Mwalimu. "Mwalimu, leo unafundisha nini, miiba?" Alikuwa na kicheko cha kuambukiza. Tulipanga vyumba vilivyopakana, na githeri yetu ya mahindi na maharagwe tuliipika sufuria moja. Shida yake ilikuwa kifua. Baridi ya mlima ikizidi, alipumua kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Siku moja Madam alimfokea kwa ajili ya ndoo ya maua yaliyovunjika shingo. Akamjibu kwa heshima, "Madam, hii ndoo si yangu. Angalia namba." Madam akaangalia, akakuta ni kweli. Akatabasamu. Mimi nikafikiri yameisha.

Kesho yake kwenye maombi Madam alisema, "Baba, kuna dada hapa kati yetu ana mdomo. Mguse." Tukasema Amina. Nilisema na mimi, wacha nisijifiche. Wengine walicheka chini chini.

Haikuwa mara moja. Ikawa kila asubuhi: dada mvivu, dada anayenuka moshi, dada anayejifanya mgonjwa. Jina hakulitaja hata siku moja, na sote tulijua ni nani. Halafu asubuhi moja akaomba, "Na yule dada ambaye mume wake ulimchukua, Baba, kwa sababu unazozijua wewe mwenyewe." Wee! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huu si ukali wa kazi. Mtu anamchukua marehemu wa mwenzake, anamfungia ndani ya maombi, halafu anangoja tuitikie. Na tuliitikia. Ungekataa vipi? Ukinyamaza, umemkataa Madam au umemkataa Mungu? Hakuna aliyetaka kuulizwa. Mwenzangu mwenyewe alisema Amina, kichwa chini.

Wiki hiyo hiyo akapelekwa chumba cha baridi, kule maua yanakongojea lori. Wanaofanya kazi humo huvaa jaketi nzito. Zilikuwepo mbili, zimetundikwa kwenye msumari mlangoni. Madam akamwambia jaketi ni za watu wenye adabu. Basi akaingia na sweta lake la kufumwa nyumbani, na wiki ya pili alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta.

Jioni moja, tukichambua maharagwe, akaniambia, "Mwalimu, niandikie. Waambie nirudi mezani tu. Sitaki mtu afukuzwe, sitaki kingine."

Pale nje ya ofisi palikuwa na sanduku la maoni, la mbao, limepakwa rangi ya kijani. Tuliambiwa meneja ndiye anayelifungua. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa ule mwandiko wangu wa shule uliosifiwa na walimu wote, na haki ya Mungu nilijivuna. Nilieleza maombi, jaketi, kifua. Jina langu sikuweka. Kitu ambacho sikuuliza, mjinga mimi, ni ufunguo unakaa wapi. Ulikaa mfukoni mwa Madam.

Siku ya tatu alitupanga mstari, barua yangu mkononi. Akagawa vipande vya katoni na kalamu, akatuamuru kila mtu aandike: Mungu ni mwema. Mimi niliandika kwa herufi kubwa zilizopinda, kama mtoto wa nasari. Mwenzangu alichukua muda mrefu sana, ulimi nje, na akaishia katikati ya sentensi.

Madam akakitazama kipande chake akacheka. "Wewe huwezi kuandika hii barua. Nitajie aliyekuandikia, na sasa hivi urudi mezani. Usipomtaja, chukua vitu vyako uende."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia kifua chake kikilia. Kile alichokitaka kilikuwa pale mbele yake, na bei yake ilikuwa mimi. Hakugeuka kunitazama. Alijua akinitazama tu, nimekwisha. Nami nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na neno moja tu la kusema: ni mimi. Ebu niambie ni nini kilinishika. Woga tu! Sina jina lingine la kuupa.

"Sijui, Madam," akasema.

Aliondoka kabla ya chai ya saa nne. Niliporudi chumbani jioni, beseni lake halikuwepo, na sufuria yetu alikuwa ameiosha akaiacha mlangoni kwangu. Baadaye nilisikia kwamba kile kifua hakikupona. Githongo si mbali, lakini sijawahi kwenda. Nitasema nini?

Asubuhi iliyofuata kuondoka kwake, saa moja, tukainamisha vichwa. "Baba," Madam akaomba, "tunakushukuru kwa kututolea kikohozi katikati yetu. Na umbariki yule dada mwenye mwandiko mzuri. Umfundishe kunyamaza, vile alivyonyamaza jana."

Nikafumbua macho. Yeye alikuwa ameshafumbua yake, ananitazama. Barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa kwenye faili yake tangu siku ya kwanza. Alijua kabla hajagawa zile katoni.

Banda lote likamngoja mtu aanze. Nikasema Amina, na niliisema kwa sauti.