Vigelegele vya Mtu wa Mwisho

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu kwenye treni hapa Sydney, watu wa Lidcombe wakanitazama. Nakusimulia leo kwa sababu mama yako amenipigia kutoka Kakamega akilia. Anasema tangu uwe wa mwisho kwenye mbio za chuo chako huko Campbelltown hujakanyaga darasani, na sasa unataka kuacha masomo urudi nyumbani. Kwa ajili ya mbio! Hebu msikilize shangazi yako.

Nilipokuja Sydney kusomea unesi nilikuwa na umri kama wako. Siku za mwanzo tu kocha wa chuo, mzungu mpole mwenye kofia iliyopauka, akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Kenya. Akapiga makofi. "A Kenyan! Beauty!" akasema, yaani Mkenya, safi sana, na papo hapo nikawa mwanatimu wa mbio za nyika. Ningemweleza nini? Kwamba sisi wa Kakamega tunajulikana kwa mpira na kwa kuku? Kwao Kenya nzima ni mbio. Nikaona haya kuiangusha nchi, nikanunua raba.

Mbio zenyewe sipendi kuzisimulia sana. Nilipofika mwisho nilikuta watu wameshaanza kukunja kamba za kuonyesha njia. Wenzangu wa timu wakanipa maji kwa adabu, na ile huruma yao ndiyo iliyonimaliza. Nikajifungia chumbani, darasani siendi. Chuo kikaanza kuuliza niko wapi, na unajua mwenyewe viza ya mwanafunzi haina mchezo.

Nilikuwa nimepanga chumba Auburn kwa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Akaingia bila kubisha, na sahani ya fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe, kisamvu cha kwao, mkononi, akaketi kitandani kwangu.

"Nani alikufa?" akauliza.

Nikamwambia nimeitia Kenya aibu. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa.

"Rais alikupigia simu? Alikutuma ukimbie? Baba na mama yako ndio walikutuma, na walikutuma kusoma. Kula."

Nikala, maana sahani ya Mama Furaha hairudi jikoni na kitu. Kesho yake nikarudi darasani. Kwa kocha pia nilirudi, nikamweleza ukweli kuhusu watu wa Kakamega. Akacheka sana, akasema bado ananihitaji, timu haijatimia.

Basi ikafika hiyo Jumamosi, siku ya mbio zetu za pili. Mama Furaha alikuja uwanjani na wenzake wawili wa kanisani, vitenge vimewaka. Nilipotokea, wa mwisho tena, wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa watu wakabweka. Wazungu wakadhani ndiyo mila yetu, mtu wa mwisho hupokewa hivyo, wakaanza kushangilia nao. Wasichana wa timu yangu walijaribu vigelegele, wakatoa sauti za ajabu kabisa.

Nikamkimbilia Mama Furaha, pumzi imekatika. "Mama, mimi ndiye wa mwisho!"

"Niliona," akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Sikukuya kuangalia mbio. Nilikuya kuangalia mutoto yangu."

Nililia palepale, mwanangu, na sijawahi kumpenda mtu mgeni kwangu kama nilivyompenda mama yule.

Kwa hiyo nakwambia wazi. Usiibebe nchi nzima mgongoni, hakuna aliyekutwisha. Jumatatu panda treni uende darasani. Kocha akikutaka tena, kimbia kama unapenda, na kama hupendi mwambie. Ukipatwa na aibu usijifungie nayo huko Campbelltown, njoo kwangu ule. Na mbio nyingine zikipangwa niambie mapema, nibadilishe zamu hospitalini, nije na kitenge changu. Mama yako mpigie leo, asikie sauti yako.

Mungu akupe nguvu za miguu na utulivu wa moyo, akuzungushie watu watakaofurahi kukuona tu, na akufikishe kule tulikokutuma.