Navalayo Akataa Kuku wa Pasta

Kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna mtu aliyezikwa upande wetu wa Navakholo bila Navalayo kuwasongea waombolezaji ugali. Ni mjane mwenye mikono iliyozoea jembe. Sufuria zile kubwa za matanga, ambazo wanawake wengine husonga wawili wawili, yeye huzimaliza peke yake huku akitukemea kwamba tumemletea kuni mbichi. Halipwi chochote. Lakini mwiko ule wa kusongea ndio cheo chake, na hakupewa na kanisa.

Mwaka jana, kwenye mazishi ya jirani yetu Khalayi, mzee wa kanisa Wangila alikula, akashika tumbo, akaanguka. Kabla hata hajanyanyuliwa, Pasta Hezekiah alikuwa ameshanyakua maiki.

"Msikule ya mkono wa Navalayo! Roho amenionyesha!"

Watu wakamwaga sahani zao chini ya migomba. Mbwa walikula yote na kesho yake wakabweka kama kawaida, ila nani atamwita mbwa shahidi? Hata mimi nilimwaga. Nasema bila kuficha, na haya bado ninaona.

Tangu siku hiyo hakuitwa kupika tena. Akija matangani anasogezewa kiti, aketi na wageni. Heshima ya namna hiyo ni tusi tupu.

Wangila alikaa hospitalini Kakamega siku tisa. Kumbe ni vidonda vya tumbo, vya miaka mingi, alivyomficha hata mke wake. Aliporudi akamweleza pasta mwenyewe. Miezi ikapita, kisha Jumanne moja pasta akaingia kwa Navalayo kwa njia ya shambani, kuku kwapani. Nilikuwa jikoni kwake nikichambua kunde. Alinitazama nitoke, sikutoka.

"Mama, nilikosea. Pokea hii ingokho, tuyamalize hapa."

Kwetu, ukishakula kuku wa aliyekukosea, kesi imekwisha na huwezi kuifufua. Wote watatu tulilijua hilo.

"Pasta, siku ile ulinisema wapi?" Navalayo akauliza.

"Matangani."

"Na maiki?"

"Na maiki, mama."

"Sasa mbona msamaha unaniletea jikoni? Enda na kuku yako. Pahali uliniharibia jina, hapo ndipo utanitengenezea."

Wiki nzima wazee wa kanisa walimiminika kwake. Eti akimwaibisha mtumishi, amemwaibisha Mungu. Upuuzi! Mungu gani huyo wa kuaibika kwa sababu Hezekiah amesema ukweli? Uongo ulipotoka kwenye maiki hakuna mzee aliyesimama kumtetea Mungu. Kiongozi anayekosa mbele ya watu mia tatu ana deni kwa hao mia tatu wote, maana wote amewadanganya. Niliwaambia hivyo mlangoni, wakaniita mama wa mdomo. Sawa.

Mwishowe pasta akakubali kusema kanisani, kwa maiki, mbele ya watu wale wale; Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Pasta akasimama, akakohoa.

"Kama kuna yeyote aliyekwazika kwa maneno yangu, naomba anisamehe."

Watu wakaanza kuitikia amina. Navalayo akainuka katikati ya safu ya akina mama.

"Pasta, huyo yeyote mimi simjui. Mimi naitwanga Navalayo."

Pasta akavua miwani. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mahubiri.

"Navalayo, nilikusingizia. Roho hakunionyesha kitu. Niliogopa, nikasema. Nisamehe, na ninyi nyote mnisamehe."

Nililia hapo hapo, sikungoja kufika nyumbani. Na yule mtu niliyekuwa nikimdharau miezi yote hiyo, siku hiyo nilimheshimu.

"Nimekusamehe," Navalayo akajibu. "Mazishi ya Mzee Masinde ni Ijumaa. Nitapika mimi."

Desturi ni kwamba wachungaji hula ndani ya nyumba, mezani, wakiletewa kuku. Ijumaa hiyo Hezekiah hakuingia ndani. Alichukua sahani, akaja uani hadi kwenye sufuria ya Navalayo, wa kwanza kabisa. Akala akiwa amesimama mbele yetu sote, akamaliza, akainyoosha sahani aongezwe.

"Ngoja kwanza, pasta," Navalayo akamwambia, mwiko mkononi. "Wengine hawajapata."

Nyuma ya pasta foleni ilikuwa imefika barabarani.