Kifungo cha Koti kwenye Kompyuta

Kompyuta ya Mama Pindo ina kifungo cha koti. Kitufe kimoja, kile chenye alama ya kujumlisha, kiling'oka siku ile kaka yake alipomletea, kwa sababu aliibeba kwenye mfuko mmoja na nyundo. Mtu mwingine angeipeleka kwa fundi. Yeye mwenyewe ni fundi, ingawa wa cherehani, basi alifungua kopo lake la vifungo, akachagua cheusi chenye matundu manne, akakipaka gundi, akakibandika, akabonyeza. Kikakubali. Mpaka leo mteja akikiona hucheka kwanza, ndipo akumbuke kwamba alileta suruali.

Jina la Mama Pindo hakulipata kwa mtoto. Wateja ndio waliompa, maana hatoi nguo yenye pindo la harakaharaka, hata mwenye nguo awe amesimama mlangoni anatweta na kusema anachelewa. Chumba chake ni kidogo. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kompyuta iko kwenye kona, juu ya cherehani nyingine iliyokufa ambayo hajawa na moyo wa kuitupa. Betri ya kompyuta nayo ilikufa, kwa hiyo haichomolewi ukutani. Anayewasha pasi sharti aangalie anachomoa waya gani.

Aliyemfundisha kuitumia ni dada wa fotokopi, jirani wa mlango wa pili, msichana mwenye maneno mengi na subira kubwa. Alimwonyesha kwamba ukiharibu kitu, Ctrl na Z hukirudisha kilivyokuwa. Kwamba ukitaka neno moja kwenye ukurasa mrefu, bonyeza Ctrl na F uliandike, usipekuepekue kama mtu aliyedondosha sindano kwenye zulia. Kwamba ukurasa ulioufunga kwa bahati mbaya haujafa, Ctrl, Shift na T huufufua. Mama Pindo hakuyaweka kifuani. Mwalimu alikuja kukaza sketi akaondoka anajua kutafuta neno. Mwenye duka la rangi alikuja na zipu iliyogoma akaondoka na onyo kwamba kazi isiyohifadhiwa ni mshono usiofungwa uzi, ukivuta kidogo tu, kwaheri.

Ila kilichowajaza watu mle chumbani kilikuwa kiota. Alikigundua mwenyewe siku moja akitafuta michoro ya mikono ya blauzi, akaangukia ukurasa ambao watu wa nchi ya baridi wameweka kamera juu ya bomba la moshi, wanawaonyesha korongo wawili wakilalia mayai, mchana kutwa, bila kukatika. Hakuna kinachotokea. Ndege anakaa, anasimama, anageuza yai kwa mdomo, anakaa tena. Lakini mtu akishatazama kidogo haondoki. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alianza kuvuka kila asubuhi kabla hajafungua sanduku lake, anauliza kutoka mlangoni kama wametotoa, kama mtu anayeulizia habari za wodi ya wazazi.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe wake alipokuja na kitambaa.

Hapa inafaa kueleza. Tangu aolewe, Mama Pindo amemshonea mama mkwe magauni mengi, na kila moja lilipokelewa kwa mikono miwili, likaambiwa asante mwanangu, likakunjwa, likaingia kabatini. Hakuna lililowahi kuonekana tena juani. Mume wake alisema mama anayatunza. Mama Pindo hakubishana, ila alijua kwamba nguo haishonwi ili itunzwe. Aliumia kimyakimya, maana mwanamke anayevalisha mtaa mzima alikuwa ameshindwa kumvalisha mtu mmoja wa nyumbani kwake.

Sasa mtu huyohuyo alikaa kwenye kiti cha wateja akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cha buluu kilichokuwa sandukuni tangu ujana wake, aina ambayo haiuzwi tena popote, na picha yake ya usichana, amevaa gauni lenye kola ya duara, inalala kama petali za ua.

"Nataka kama hili," alisema. "Na hicho kitambaa ndicho hichohicho, hakina ndugu."

Mama Pindo alipobaki peke yake alikaa akakitazama kitambaa kwa muda mrefu. Hii ilikuwa mara ya kwanza anaombwa. Gauni hili nalo likienda kabatini, hatakuwa na la kujitetea.

Mchoro wa kola aliupata mtandaoni kwenye ukurasa wa mitindo ya zamani, na mchoro wa shingo ya gauni pia. Wengine huichapa michoro hiyo. Yeye ana njia yake. Kwenye kila mchoro huwa pamewekwa mraba mdogo wa kupimia, na pembeni yake pameandikwa upana unaotakiwa. Yeye huweka futi yake ya kitambaa juu ya kioo cha kompyuta, hubonyeza Ctrl na kifungo cha koti mpaka mraba ulingane na futi, halafu hulaza karatasi nyepesi juu ya kioo kinachowaka na kufuatisha mistari kwa penseli laini. Jumanne alipima mraba, akachora kola. Umeme ukapungua nguvu, akaiacha shingo kwa kesho yake.

Jumatano asubuhi alikwenda kupeleka mapazia. Fundi viatu akaja kutazama kiota, akakuta pana maandishi chini ya picha ambayo macho yake hayakuyaweza. Akamwita dada wa fotokopi. Dada wa fotokopi, kwa wema wake wote, akaingia kwenye mipangilio akaongeza ukubwa wa kila kitu kwenye kioo kizima. Wakasoma, wakafurahi, wakaondoka.

Mama Pindo aliporudi aliona maandishi yamekuwa manene, akadhani ni macho yake yamepumzika. Mraba hakuupima, alikuwa ameupima jana. Alichora shingo, akalaza karatasi zote mbili kwenye kitambaa cha buluu, akakata.

Alijua alipoizungusha kola kwenye shingo. Haikufika. Ilibaki pengo la kuingia vidole vitatu. Akaigeuza, akaizungusha tena, kana kwamba labda kola ilikuwa inatania. Kisha akaiona kompyuta, akaona ule mraba ulivyonenepa, na mkono wake wenyewe ukaenda hewani kana kwamba unatafuta Ctrl na Z. Mkasi hauna vitufe hivyo.

Dada wa fotokopi alipoambiwa alishika kichwa. Fundi viatu alitaka kujua kama shingo haiwezi kubanwa na gundi, akatazamwa, akarudi kwenye viatu vyake. Ilikuwapo njia ya kukunja marinda shingoni ili ipungue, lakini kila mwenye macho angeona limefichwa kosa, na mama mkwe alikuwa na macho.

Naye akaja siku hiyohiyo alasiri, bila taarifa, kulijaribu gauni.

Mama Pindo alikuwa ameshafikiria uongo wa aina mbili. Alipofungua mdomo ukatoka ukweli wote, mraba, futi, kioo, mpaka korongo. Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa. Halafu akasema aletewe hilo gauni, akaenda nyuma ya pazia akalivaa hivyohivyo, halina kola, pindo halijakunjwa, limeshikwa kwa pini.

Pazia likafunguka. Mama mkwe alikuwa anageuza shingo kulia, anageuza kushoto, anainua kidevu.

"Mwanangu," alisema, "hii ndiyo nguo ya kwanza inayoniacha nipumue."

Mama Pindo hakuelewa.

"Zote ulizonishonea zinanikaba. Nikizivaa nahisi nimeshikwa ukosi na polisi. Lakini ningekwambiaje? Unaniletea kwa furaha, nami nianze kukukosoa mkwe wangu? Nikasema bora zikae kabatini kwa heshima."

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Nawe hukuwahi kunipima shingo. Ulikuwa unanikadiria kwa macho, kwa kuniheshimu."

Ikawa kweli. Futi ya Mama Pindo, iliyozunguka kila shingo ya mtaa ule, haikuwahi kumgusa mama mkwe. Aliivua mabegani mwake, akamwomba ruhusa, akampima. Shingo ilikuwa nene kuliko alivyodhani siku zote, na lile kosa la Jumatano lilikuwa limeikaribia zaidi kuliko makadirio yake yote.

Kilichobaki kilikuwa kola. Waliketi wawili mbele ya kompyuta, futi juu ya kioo, Mama Pindo akibonyeza kifungo cha koti kidogo kidogo na kola ikikua petali kwa petali, mpaka ikalingana na shingo. Vipande vya buluu vilivyobaki vilitosha, kwa kuunga kidogo nyuma, mahali ambapo nywele hufunika. Mama mkwe ndiye aliyeuliza wale ndege wanafanya nini, na akakataa kuondoka kabla hajaona yai likigeuzwa.

Jumapili alipita mtaani na gauni la buluu, kola imelala kama petali, juani kabisa. Fundi viatu alisimama kumsalimu.

Jumatatu alirudi na mfuko mkubwa. Akayamwaga magauni yote ya kabatini juu ya meza ya kukatia, mapya kama siku yaliposhonwa, akavuta kiti mbele ya kiota.

"Haya," alimwambia mkwe wake. "Na haya yabonyezee kile kifungo cha koti."

Mama Pindo alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua kifumulio, akaanza na la juu, shingoni.