Idi Bado Kidogo

Mwanangu, siku ninayotaka kukueleza naikumbuka kwanza kwa aibu, halafu kwa mchezo wa televisheni. Usicheke. Wewe unayenitania kwamba nikifika mlango wa barabarani tu nishaanza kuikumbuka nyumba, ujue ugonjwa huu si wa uzee. Nilikuwa nao tangu usichana, na ulinifanya nimdhulumu mtu kitu alichokitafuta karibu maisha yake yote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapahapa Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati. Kaka yangu Nasor alikuwa na gari akichukua wageni. Akaja na habari ya mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, jina lake Edna, aliyekuja kutafuta habari za kaka yake. Huyo kaka alikuwa mwanajeshi wa anga wakati wa vita vikuu vya pili, mtu wa redio ndani ya zile ndege zenye tumbo kama mashua, zinazotua majini. Zilikuwa zikipita pwani ya Sur kuzilinda meli, na nyingine hazikurudi. Yake ilipasuka ikitua, mbele ya kijiji kimoja upande huohuo wa Sur, na waliokuwemo wakafa wote, wakazikwa hapohapo katika makaburi yasiyo na majina. Kwao waliambiwa hivyo tu, basi.

Katika kijiji hicho alikuwapo Bibi Zuwena, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa bibi harusi, muda mfupi kabla ya ndege kuanguka. Kiarabu alikisema, lakini mambo ya moyoni aliyasema kwa Kiswahili. Nasor hawezi kuingia kwa wanawake, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa na kile cha sekondari, cha kumwandikia mwalimu mkuu kwamba jana niliumwa na tumbo.

"Twende ukafasiri," akaniambia.

"Tutarudi lini?"

"Hujavaa hata viatu, unauliza kurudi. Wallah, wewe ukifa utaomba uzikwe uani."

"Ni karibu na jiko," nikamjibu.

Lakini sikuwa na mzaha. Jioni ile, katika mchezo wa Kimisri tuliokuwa tukiufuata, binti alikuwa anakwenda kumjua baba yake, na mimi nilikuwa nimeapa sitaukosa.

Bibi Zuwena alitupokea vizuri, kahawa, halua, na maswali juu ya ukoo wangu mpaka babu wa babu. Edna akasubiri na kikombe chake mkononi. Kisha akaniambia polepole, "Muulize kama kaka yangu alikufa peke yake."

Nikauliza. Bibi akakaa sawa.

"Bahari ilikuwa imechafuka. Wanaume wakawatoa, mmoja mmoja, wote maiti, ila mmoja. Huyo tukamtilia kivuli kwa mkeka. Miye nikaambiwa nikae naye nimtie maji mdomoni kwa pamba, maana wenzangu wana watoto na miye sina. Alikuwa na neno moja tu, idi, idi. Tulikuwa ndani ya Ramadhani. Nikasema, masikini, kumbe na huyu anaingoja. Nikamshika mkono, nikamwambia, idi bado kidogo, mwanangu. Na yeye mkubwa kuliko miye. Akawa akitulia, halafu anauliza tena, nami namjibu vilevile. Mpaka alasiri."

Nikamgeukia Edna. "Anasema mmoja alifika pwani yu hai. Wakampa maji. Akafa alasiri."

Edna akaweka kikombe chini. "Yupi?"

Mwanangu, hata sikumuuliza Bibi. "Hajui," nikasema. Habari ya idi niliiona porojo za mtu mzima, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Bibi alikuwa bado anasema, "Sasa ulipofika wakati wa kuwazika..." Mimi nimeshasimama, natafuta viatu. Nikamwambia kaka yangu ananiita. Kaka yangu alikuwa amelala ndani ya gari, mdomo wazi.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeshaipita Al Kamil, ndipo Edna aliponigeukia. Alikuwa amechoka, akataka kuzungumza kidogo tu. "Unajua," akasema, "utotoni hakuna aliyeniita Edna. Kaka yangu aliniita Idi. Alipokufa nikawakataza wote wasiniite hivyo tena."

Niliielewa maana yake hapohapo, huwezi kunitetea kwa hilo. Ningesema neno moja, Nasor angegeuza gari, na tungelala Sur.

Nikasema, "Jina zuri."

Tukafika Ibra. Akanishukuru, akaniacha mlangoni, Nasor akampeleka Maskati. Nikaingia ndani, mchezo ndiyo kwanza unaanza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kakaa kwenye mkeka wake. Nikamweleza yote huku macho yangu yako kwenye televisheni, nadhani nikitaraji atanipoza. Akainuka, mtu wa magoti mabovu yule, akaenda akaizima.

"Umemwambia?"

"Nilimwambia jina zuri."

"Yule mtu kavuka bahari kutafuta neno moja. Ukapewa weye umchukulie, ukalila njiani."

"Kesho anasafiri, Bibi."

"Basi na weye kesho unasafiri."

Baada ya sala ya alfajiri Nasor alinichukua. Hakunitania njia nzima, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu kweli. Tukamkuta Edna katika ukumbi wa hoteli, sanduku lake liko tayari. Nikamweleza. Akataka kuyasikia kama Bibi Zuwena alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, nami nikayasema: idi bado kidogo, mwanangu. Kisha nikamweleza idi ni nini, na kwa nini Bibi alidhani mgonjwa anaiuliza.

Akakaa juu ya sanduku. Halafu akacheka kidogo, kicheko kilichokatika katikati.

"Alimshika mkono?"

"Ndiyo."

"Upi?"

Sikujua.

"Na katika makaburi yale, lake lipi?"

Sikujua. Ndilo Bibi alilokuwa akilianza nilipokuwa natafuta viatu.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Ningeweza kukisingizia Kiingereza changu. Nikamwambia kweli, nilitaka kuwahi televisheni. Nasor, ambaye neno hilo analielewa kwa lugha yoyote, akatazama chini. Edna akanitazama kama mtu anayetafuta miwani yake. Hakuniambia haidhuru. Alisema, "Ahsante kwa kuja," na gari ya uwanja wa ndege ikamchukua.

Wiki ileile nilirudi kwa Bibi Zuwena, kwa hiari yangu, nikakaa mpaka yeye mwenyewe akachoka kusema. Ulikuwa mkono wa kulia. Kaburi ni la mwanzo ukitoka baharini, kwa kuwa Bibi aliwaomba wamweke pale anapoweza kupaona akienda kisimani. Majibu hayo ninayo mpaka leo. Anwani ya Edna sikuichukua.

Sasa niulize yule binti wa mchezo baba yake alikuwa nani. Sikumbuki.

Mwanangu, wewe unajua lugha tatu, na watu watakuita ukae katikati yao, hospitali, polisi, nyumba za msiba. Ukipewa maneno ya mtu umfikishie mtu, yafikishe yote, hata unaloliona la kipuuzi, maana wewe hujui lipi kati ya hayo ni jina lake. Na usivae viatu mtu anasema.

Mungu akupe subira ya kukaa chini, aulinde ulimi wako na kufupisha mambo ya watu. Akurudishe nyumbani salama kila utokapo, lakini asikurudishe mapema. Na siku yako ikifika alasiri, asikunyime mtu wa kukushika mkono.