Suruali Isiyobana

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anakata kitambaa cha sare za shule. Anakata kidogo, anasimama, anashika ukingo wa meza na kuhema kama katoka kupandisha ndoo ya maji ghorofa ya nne. Hajapanda popote. Kainama tu kuokota chaki.

Mtaani wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu ya kitambi. Na kweli ni kitambi cha heshima: kinaingia dukani kwanza, mwenyewe anafuata.

"Nilikuwa nacheka nao," anasema. "Nilijua sijanenepa. Suruali zangu ni zile zile za miaka yote, na hazinibani."

Hazikumbana kwa sababu mkewe, anayeshona kwenye cherehani ya pembeni, alikuwa anazifumua nyuma, anaachia kiuno, anapiga pasi na kuzitundika. Kimya kimya. Kitambaa cha akiba ndani ya mshono kilipoisha, akaunga kiraka cha rangi ile ile.

"Ningemwambiaje?" mkewe anauliza. "Mtu karudi kachoka, nimwambie, baba, umekuwa pipa?"

"Ungesema tu, mama. Nimeshaitwa vibaya zaidi."

Wanacheka. Halafu mume anakohoa, na kicheko kinaishia hapo.

Miezi miwili iliyopita alianguka akimpima mteja koti. Hospitalini wakakuta presha, sukari, na moyo uliotanuka. Daktari alipomzungushia futi tumboni, ikasoma sentimita mia na kumi na nane. Fundi akabisha, akaomba apime mwenyewe. Ikasoma vile vile.

"Daktari akaniambia haya mafuta ninayoyashika kwa mkono siyo yanayomtisha sana. Ni yale ya ndani, yaliyozunguka ini na utumbo. Ndiyo yanavuruga sukari, yanapandisha presha, moyo unasukuma mpaka unachoka."

Siku hizi anameza vidonge, na kila asubuhi anatembea mpaka kwa muuza vifungo na kurudi, akipumzika njiani. Kazi dukani imepungua nusu, maana yeye ndiye anayekata. Mkewe anajua kushona tu.

Kwa hiyo ana mpango: amfundishe kukata. Anausogeza mkasi upande wa mkewe.

"Njoo, mama. Tuanze na sketi, ni rahisi."

Mkewe hainui macho. "Kata mwenyewe. Mimi nitashona."

"Na siku nisipokuwepo?"

"Utakuwa wapi? Kata, nakusubiri."