Mkeka Mwekundu wa Nikahi ya Rukia

Mimi ndiye yule mama wa Likoni aliyewatia wakwe zake rangi makalioni siku ya nikahi ya binti yake, naam, ni mimi, msiulizane tena, na naandika mwenyewe kwa sababu walionisimulia wameongeza chumvi hata kisa hakilambiki, na waliosababisha hawatajwi. Mimi nitawataja. Ni wifi yangu Mwanasha na mumewe Kombo. (Chuoni sikukaa sana, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika nivumilieni, lakini majina hayo mawili nimeyaandika sawasawa.)

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Binti yangu Rukia, yatima wa baba, alikuwa ameposwa na Athmani wa mjini, ng'ambo ya maji, watu wa nyumba za ghorofa na milango ya nakshi, na Mzee Abdalla, ami yake Athmani aliyemlea, hakuipenda posa ile tangu mwanzo. "Likoni kuna nini?" alisema, na maneno yakavuka feri yakanifika. Basi nikaona nitamwonyesha Likoni kuna nini. Kazi yangu ni kusuka mikeka, nami nitamtandikia mkeka mkubwa mwekundu ambao huko kwao hawajapata kuukalia.

Sasa, nyekundu yetu sisi hutoka kwenye magome ya mkoko. Wayachemsha, watia miyaa ya kusukia, wailaza humo, kisha waenda kuisuuza baharini na kuianika kivulini, halafu waanza upya, tena na tena, mpaka maji ya kusuuzia yatoke safi. Ni kazi ya kuvunja kiuno, na rangi yenyewe ni ya kahawia kahawia, ya kiutu uzima. Mamangu alitia hivyo, na mamake kabla yake. Mwanasha akaja na mkebe.

"Wifi, achana na magome! Kombo kanipa hii, hebu itazame."

Kombo alikuwa kuli gatini Kilindini, gunia lilikuwa limepasuka akazoa unga wa rangi uliomwagika (wa wino, wa ngozi, Mungu ajua, yeye hakuuliza). Nikatia kijiko kimoja cha unga sufuriani na maji yakawa mekundu kama komamanga. Wallahi sijapata kuona nyekundu kama ile.

Miyaa ilipokolea nikataka kuipeleka baharini kuisuuza. Mwanasha akanishika mkono. "Utaimwaga rangi yote! Iache ikauke vivyo hivyo."

Nikaiacha. Hapo tu, ndugu zangu, ndipo nilipopotea. Nilipomaliza kusuka nikausugua mkeka kwa kitambaa kikavu, hakikutoka kitu, nikatulia moyo. Kitambaa kikavu! Kana kwamba wanaume wa Mombasa wakati wa joto la kaskazi huwa wakavu.

Nikahi ilikuwa baada ya adhuhuri. Wakwe wakaja wote na kanzu nyeupe pepepe, na siku zile bafta ya kushonea ilikuwa haipatikani, kanzu ya mtu ni ile aliyoshona kabla ya vita. Wakaketi uani chini ya makuti. Mzee Abdalla akautazama mkeka, akasema "Mashallah" kama mtu anayeng'olewa jino, nami nikatosheka. Laiti wangeozesha papo hapo wakaenda zao! Lakini walii wa kumwozesha Rukia, shemeji yangu Bakari, alikuwa atoka Kisauni, na Bakari hajapata kuwahi hata futari. Tukangoja. Joto likapanda. Mimi niko nyuma ya pazia la leso pamoja na wanawake wenzangu, nachungulia.

Mzee Abdalla akaegemea mkono wake mkekani. Alipouinua, kiganja chekundu.

"Enhe, kumbe hata sisi wazee twatiwa hina!" akasema, na watu wakacheka.

Nikamvuta Mwanasha. "Umeona?"

"Nimeona."

"Niwaambie wainuke?"

"Wainuke waende wapi? Yule mzee akiinuka kabla ya nikahi amekwenda, na mwanawe amekwenda. Wakalishe!"

Na hilo lilikuwa kweli, maana yule mzee alikuwa atafuta sababu tu. Basi nikawakalisha. Kwa kitu gani? Kwa kahawa. Kahawa ya moto, ya tangawizi, na halua, kisha kahawa tena, na kila kikombe nikiona jasho lawateremka shingoni nikajua laishia wapi, nami sina la kufanya ila kupeleka kingine. Mtu akijisogeza kidogo, moyo wanipasuka. Mmoja alitaka kutoka kwenda haja, nikampelekea sahani ya pili ya halua, masikini akaona haya akaketi.

Bakari akaja, taratibu, akawaamkia watu mmoja mmoja kama aliyewahi. Sheikhe akasoma khutba (ndefu, siku zote huwa ndefu unapoombea iwe fupi). Athmani akasema amekubali, vigelegele vikapigwa, na Mzee Abdalla akasema, "Alasiri imeingia, tusimame tuswali."

Wakasimama.

"Ami!" Ilikuwa sauti ya Athmani. "Ami, watoka damu!"

Sasa Mzee Abdalla alikuwa na bawasiri, jambo alilodhani ni siri yake na Mola wake (mji mzima ulijua). Akapeleka mkono nyuma, akautazama, akasema, "La ilaha illallah, nimekwisha," akataka kulala pale pale mkekani. Watu wakamdaka, na walipogeuka kuita maji kila mmoja akaona nyuma ya mwenziwe. Ua mzima, wekundu mtupu, kama nyani wa milima ya Shimba.

Nyuma ya pazia mtu akacheka, na aliyecheka ni Mwanasha, halafu akapaza sauti wakwe wasikie: "Nilimwambia aisuuze! Huyu hasikii, nilimwambia!"

Wageni wakashuka baharini, wakaketi majini safu nzima na kanzu zao, nami nikiomba rangi itoke. Haikutoka, ilitapakaa. Wakarudi wamekuwa waridi mpaka kwapani.

"Athmani, mwache," akasema mzee. "Mwache hapa hapa, tuvuke twende zetu."

Rukia alikuwa ubavuni mwangu, ameishika leso yangu. Sikuweza kumtazama.

Athmani akakamua pindo la kanzu yake, polepole. "Ami, nimeoa Rukia. Sikuoa mkeka."

"Basi mchukue. Lakini mamake asikanyage kwangu."

Na sijakanyaga. Rukia amejifungua huko ng'ambo, na habari nilizipata kwa watu wa feri. Mwanasha hukitoa kisa hiki kwenye harusi za watu, akajiweka upande wa wema, na Kombo asema ati unga ulikuwa mzuri, mimi ndiye nisiyejua kuutumia.

Nimeapa sitii rangi tena, ya mkebe wala ya mkoko, nasuka ukili mweupe mtupu. Nawe ukiletewa kitu kipya cha kukupunguzia kazi, kijaribu kwa maji, na ukikalie mwenyewe kwanza. Athmani huja kila Idi na mkewe, kijana wa adabu, shikamoo mama, hunibusu mkono. Kisha, kabla hajaketi, hupitisha kiganja juu ya mkeka, akakitazama. Nami hujifanya napanga vikombe.